Begi la kamera la kila siku: maswali yenu wa Tanga

Mwezi huu maswali mengi yametoka Tanga na karibu yote yanahusu begi. Sio kamera wala lenzi, begi. Nimefurahi sana, kwasababu ni kitu ambacho watu wanakichukulia poa mpaka siku mkanda umekatika Barabara ya 12 pale Ngamiani na kamera iko chini. Mengine nimejibu kwa urefu mengine kwa kifupi, ila msimamo wangu ni ule ule kote: begi la kila siku unalipima kwa vitu unavyobeba siku ya kawaida na kwa usafiri unaopanda, hayo tu. Ukilipima kwa vitu vyote ulivyonavyo nyumbani utanunua begi ambalo litakaa nyumbani.

Kaka habari za kazi. Napiga picha za harusi na sendofu, naishi Makorora. Nina Canon 6D Mark II, lenzi ya 24-70 f/2.8, 70-200 f/2.8, 50mm, flashi mbili na laptopu, vyote nimevipanga kwenye begi moja kubwa la mgongoni. Shida yangu siku ambayo sina harusi sitoki na kamera kabisa, begi zito, mabega yanauma, na nikipanda boda roho inakuwa juu juu. Nataka begi moja litakalonifaa harusini na siku za kawaida. Nichukue lipi? (Mpiga picha, Makorora)

Salama kaka. Hilo begi moja la kufanya kazi zote mbili halipo, na nisingependa upoteze hela kulitafuta. Maduka yatakwambia lipo, ila hebu tupige hesabu kidogo. Hiyo 6D Mark II ikiwa na betri na kadi ni gramu 765. Lenzi ya 24-70 f/2.8 toleo la pili ni gramu 805, na 70-200 f/2.8 inakaribia kilo moja na nusu. Hapo tayari uko kilo 3 na hujaweka flashi, hujaweka laptopu wala chaja, na lile begi lenyewe likiwa tupu, haya makubwa yenye sponji nene kila upande, linaweza kufika kilo moja na nusu mpaka mbili. Kwahiyo unatembea na kilo saba au zaidi kwenda kununua mkate, lazima mabega yaume, na lazima siku ya pili uiache kamera ndani.

Hilo kubwa libaki kuwa begi la harusi, liheshimu kwa kazi hiyo. Kwa siku za kawaida tafuta kibegi cha kuvaa mkanda mmoja kupita kifuani, vile unavyoweza kukizungusha kikaja mbele, na ndani weka kamera ikiwa na ile lenzi fupi ya 50mm, betri moja ya akiba, kadi na kitambaa cha kufutia. Hiyo 50mm f/1.8 STM ni gramu 160 tu, ukijumlisha na kamera unakuwa bado hujafika kilo. Najua utaniambia na 70-200 je, nikikuta kitu kiko mbali? Kaka, utasogea. Na kama hakisogeleki utakiacha, ila kumi vingine utavipata kwasababu leo kamera unayo.

Kuhusu saizi, mabegi haya yanapimwa kwa lita. Kwa mfano Peak Design wanazo za lita 3, 6 na 10, na hata ukinunua ya kampuni nyingine vipimo hivyo vinakusaidia kupata picha. Lita 3 ni ya wenye kamera ndogo zisizo na kile kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), mfano Canon R50 ambayo ni gramu 375, hiyo inaingia na lenzi fupi na maisha yanaenda. 6D yako ni pana, lita 3 utakuwa unaisukuma kama unavaa kiatu kidogo, kwahiyo wewe lita 6. Lita 10 usiiguse. Sio mbaya, ila nafasi ikiwepo utaijaza, wiki ya pili flashi imeingia, ya tatu chaja imeingia, mwezi haujaisha umerudi kulekule ulikotoka.

Dukani nenda na kamera yako, usinunue kwa macho. Iweke ndani, funga, vaa, alafu jaribu kuitoa kwa mkono mmoja umesimama, maana barabarani mkono wa pili unakuwa na kazi nyingine. Zipu ivute taratibu mpaka inapokata kona, hapo ndo zipu mbovu zinakwama, ikikwama dukani kwenye vumbi la Tanga haitaamka. Angalia pale mkanda ulipoungana na begi, unatakiwa kuona mshono wa boksi wenye msalaba ndani yake, sio mstari mmoja wa uzi, na uvute kwa nguvu mbele ya muuzaji, asikasirike, ndo biashara. Vishikizo vya chuma cha bei rahisi viache, hewa ya hapa ina chumvi, baada ya msimu mmoja vinaota kutu na kuchafua nguo. Plastiki ngumu inadumu zaidi.

Kwenye boda sasa. Begi la mgongoni kwenye boda unalibeba wewe ila anayeliona ni mtu wa nyuma yako, na wakwapuaji wanapita na pikipiki pia. Kibegi cha mkanda mmoja unakizungusha kinakaa kati yako na dereva, mkono mmoja juu yake, imeisha. Kwenye daladala unapakata, usikubali konda akuwekee nyuma. Na toa kitu chochote kilichoandikwa jina la kamera. Kuna yale mabegi meusi yanayokuja bure na kamera, yameandikwa jina la kampuni kwa herufi kubwa, na ule mkanda wa shingoni wenye maandishi mekundu, yani unatembea umejitangaza. Begi la kila siku zuri ni lile ambalo mtu akiliona anahisi kuna daftari na chupa ya maji.

Assalaam aleykum. Mimi ni dada, napiga picha za kicheni pati na singo, wateja wangu wengi hawataki mpiga picha mwanaume. Navaa baibui na mtandio. Mkanda wa begi la kamera unavuta mtandio, alafu unateleza begani, na kila nikipita mtaani watu wanajua nimebeba nini. Naweza kutumia mkoba wangu wa kawaida? (Dada wa Ngamiani)

Waaleykum salaam dada. Unaweza, na kwa kazi yako naona ndo njia bora kuliko begi lolote la kamera. Unachohitaji ni kiboksi laini cha sponji cha kuweka ndani ya mkoba, vinauzwa vikiwa peke yake, na kama hukipati nimemjibu kijana hapo chini namna ya kushonesha, soma na wewe.

Ila sio kila mkoba unafaa. Uwe na kitako kipana kinachosimama chenyewe, ule unaolala ukiuweka chini haufai, na mdomo wake ufungwe kwa zipu, sio sumaku. Sumaku inafunguka ukiinama, na kazi yenu ni kuinama. Kingine, ndani ya mkoba wa mwanamke kuna poda, kuna funguo, kuna sarafu, kuna manukato, na poda ndo adui mkubwa hapo kwasababu chembe zake ni ndogo sana, zinaingia kwenye pete ya lenzi na ukibadili lenzi zinafika mpaka kwenye sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Kwahiyo hivyo vyote viwe na kipochi chake cha kufunga, na kiboksi cha kamera kiwe na mfuniko wake. Usiache wazi hata dakika.

Mkanda: vaa juu ya baibui kwanza ndo mtandio ushuke juu yake, sio mtandio chini mkanda juu, hapo ndo unapovutwa. Upana wa vidole vitatu unatosha. Kuteleza ni kwasababu mikanda mingi ni nailoni na kitambaa cha baibui chenyewe kinateleza, mwambie fundi akushonee kipande cha suwedi au ngozi laini upande wa chini wa mkanda, pale tu unapokaa begani, urefu wa kiganja. Kinashika na hakionekani.

Umeuliza pia kwenye meseji yako ya pili kama kikapu cha ukili kinafaa. Nalipenda sana wazo hilo na nimeona watu wanalifanya. Kikapu kipana na kiboksi cha sponji ndani, juu umetandika kanga, hakuna atakayekuangalia mara mbili, na hewa inapita vizuri. Lakini ukili unaachia vijinyuzi, lazima kiboksi kifungwe, na mvua ikija kikapu kinanywa maji chote. Kwahiyo kiangazi sawa, masika rudi kwenye mkoba.

Shikamoo anko. Nasoma chuo hapa Tanga, nina Canon 250D na lenzi yake ya 18-55, kaka yangu kaniazima. Natembelea baiskeli. Hela ya begi la kamera sina. Sasa hivi naizungushia kanga naiweka kwenye begi la madaftari, begi nalifunga kwenye keria. Kuna ubaya? (Mwanafunzi, Chumbageni)

Marahaba mwanangu. Kanga sio tatizo sana, tatizo ni keria, na hilo naomba uliache leo hii kabla hujamaliza kusoma gazeti. Kila jiwe na kila shimo tairi la nyuma linapopita, mtikisiko unaenda moja kwa moja kwenye chuma cha keria na kutoka hapo kwenye kamera. Lenzi imefungwa na skurubu ndogo ndogo, na hiyo ya kwako kama ina kile kifaa cha kutuliza mtikiso, kuna kioo ndani kinachoelea. Mtikisiko wa kila siku unalegeza skurubu kidogo kidogo, hutaona kitu mpaka siku picha upande mmoja zinatoka na ukungu. Mwili wako ndo springi nzuri kuliko zote, magoti na mgongo vinameza kishindo kabla hakijafika kwenye begi. Kwahiyo begi likae mgongoni, mikanda yote miwili, ibane mpaka begi lisicheze, na kama kuna kamba ya kifuani ifunge. Tanga watu wa baiskeli tuko wengi na nawaona kila siku na begi limening'inia upande mmoja, ukikata kona linakuja mbele linagonga usukani. Usifanye hivyo.

Sasa hela. Huhitaji begi la kamera, unahitaji begi zuri na kiboksi cha ndani. Begi chukua la mtumba, haya ya shule na ya kupandia milima yanakuja mazuri sana, mengi ni bora kuliko mapya ya dukani, angalia zipu na mishono kama nilivyomwambia kaka wa Makorora, na nusa ndani, likinuka uvundo liache hata kama ni bure.

Kiboksi unaenda kwa fundi anayeshona mabegi au viatu, mafundi wa cherehani nzito wapo Ngamiani. Sio fundi wa magauni, mashine yake itavunja sindano. Usimwambie "nishonee begi la kamera" ukaondoka, nenda na vipimo. 250D ina upana wa sentimita 12 na kidogo, kimo 9 na kidogo, na ikiwa na lenzi ya 18-55 kutoka mgongo wa kamera mpaka mdomo wa lenzi ni kama 14. Kamera italala lenzi ikiangalia chini, kwahiyo nafasi ya ndani iwe 15 kwa 11, na kina 16 au 17. Pembeni yake omba chumba kingine chembamba cha betri na chaja ili visigongane na kioo.

Sponji hapa ndo pa kusimamia. Fundi atataka kukuwekea sponji ya godoro kwasababu anayo hapo chini ya meza. Kataa kwa upole. Ile ina matundu yaliyofunguka, inanywa jasho na mvua, na baada ya miezi inalala kabisa. Tafuta ile ngumu kidogo yenye matundu yaliyofungwa, mikeka ya mazoezi inatengenezwa hivyo, ya mtumba inatosha, na hata sponji wanayokatia malapa ni ya namna hiyo hiyo. Ijaribu hivi: dondoshea maji tone moja. Likikaa juu kama lulu ni yenyewe, likizama sio. Alafu bonyeza kwa kidole gumba, inyanyuke palepale. Unene sentimita moja pembeni unatosha, chini weka mbili, kwasababu begi linagongwa chini mara nyingi kuliko kwingine, kila unapoliweka sakafuni.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho wengi hawajui, mwambie fundi aweke vipande viwili vya sponji ndani, kulia na kushoto, vinavyofika kama nusu ya kina cha kiboksi, ili mwili wa kamera uegemee juu ya hivyo vipande na lenzi ining'inie katikati bila kugusa chini. Uzito ukikaa juu ya mdomo wa lenzi, kila kishindo kinapiga pale lenzi ilipoungana na kamera, na hapo ndo pabovu. Kitambaa cha kufunika sponji kiwe nailoni laini, sufi usiweke, inamwaga vumbi. Na kila kitu kishonwe. Gundi ya viatu ina harufu kali, ukifungia mvuke wake na kamera kwenye kiboksi sio salama kwa vioo, kama ametumia kidogo basi kiache wazi kwenye hewa mpaka harufu iishe kabisa.

Ndani ya begi usikiweke kiboksi chini kabisa, chini weka sweta au madaftari, kiboksi kikae katikati kikigusa mgongo wako.

Na usione unyonge kwamba ni begi la kushonesha mtaani. Jim Domke alikuwa mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer kule Marekani, miaka ya 1970 akachoshwa na masanduku magumu akabuni begi la turubai jepesi, sponji kidogo tu, na mpaka leo waandishi wa habari wanalibeba. Kampuni ya Billingham ya Uingereza ilianza 1973 ikishona mabegi ya wavuvi wa ndoano, mwaka 1978 wakagundua wapiga picha wa New York ndo wanayanunua kuwekea kamera, wakageukia huko. Yani mabegi yanayoheshimika duniani yametoka kwenye turubai na cherehani, vitu ambavyo hapa Tanga tunavyo.

Kaka, napiga picha za wavuvi, nashinda pwani ya Sahare na Deep Sea, wakati mwingine natoka nao kwenye mashua. Begi langu limeandikwa halipitishi maji lakini masika iliyopita lililowa mpaka ndani. Nimeibiwa au? (Msomaji, Sahare)

Inawezekana hukuibiwa. Kitambaa kweli hakipitishi, kimepakwa utando kwa ndani, lakini begi halijatengenezwa kwa kitambaa peke yake, lina mishono na lina zipu, na kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Mvua ya kuvuka barabara litavumilia. Mvua ya Aprili ya huku, ile inayoanza alfajiri na haina haraka ya kuisha, haliwezi, na bahari ndo kabisa.

Zamani tulikuwa tunafungia kamera kwenye mfuko wa rambo, ila mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini toka tarehe 1 Juni 2019 na ni vizuri. Wewe tafuta ile mifuko ya mabaharia ya plastiki nzito, ambayo unakunja mdomo wake mara tatu alafu unabana kibanio. Wa lita 10 unameza kiboksi chako chote cha kamera. Ukiwa mashuani kamera iko humo, na acha hewa kidogo ndani kabla hujakunja, mfuko ukidondoka majini utaelea. Ule mfuniko wa mvua wa kuvalisha begi ni wa nchi kavu, upepo wa kusi ukipiga unaugeuza kama tanga la ngalawa, ufunge kwa kamba.

Ukirudi nyumbani, hata kama hakuna kilicholowa, futa zipu na vibanio kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi alafu acha vikauke. Chumvi inavuta unyevu toka hewani, usipoifuta inaendelea kula zipu usiku kucha. Mchanga pia, geuza begi kichwa chini ulikung'ute nje, kila siku. Na begi la kwenye mchanga liwe lile linalofunguka upande wa mgongoni, kwasababu ukililaza linalalia uso wake, upande unaougusa mwili unabaki msafi. Yale yanayofunguka mbele yanalaza mikanda kwenye matope, alafu ukivaa tope lote liko kwenye shati.

Lenzi yangu imeota kitu kama utando wa buibui ndani. Ilikuwa kwenye begi, begi kabatini, sikuitumia mda mrefu. Begi ni zuri na la bei. Imekuwaje? (Mama wa Raskazone)

Pole sana mama yangu. Hiyo ni kuvu, na uzuri wa begi ndo umechangia. Sponji nene na zipu zinazobana zinalinda na kishindo, lakini pia zinafungia unyevu na giza, na kuvu inataka hivyo viwili tu. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 60 hivi na kukaa hivyo, kuvu inaanza kuota, na sisi wa pwani tunaipita asilimia hiyo sehemu kubwa ya mwaka. Begi ni la kubebea, halikai na kamera kabatini.

Nunua kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, haya ya kuwekea unga yanafaa, weka ndani silika jeli, vile vipunje vinavyonyonya unyevu, na kile kipimo kidogo cha unyevu kama unakipata. Lenga asilimia 40 mpaka 50. Silika chukua ya rangi ya chungwa, ikishiba maji inageuka kijani, unaikausha kwenye oveni ya moto wa kama nyuzi 120 mpaka rangi irudi, inatumika tena na tena. Ya bluu ina kobalti, ni sumu, sio ya kuchezea nyumbani kwenye watoto. Mchele usiweke, najua kila mtu anasema mchele, lakini unavuta unyevu kidogo sana na unaacha vumbi la wanga.

Lenzi ipeleke kwa fundi mapema, kuvu ikikaa inakula ule utando wa juu ya kioo na hapo haisafishiki tena. Begi lenyewe lifungue lote, toa vigawio vyote vya velkro, futa kwa maji na sabuni kidogo, anika juani mpaka likauke kabisa. Begi ndo linaanikwa, kamera hapana. Na kama unalala na kiyoyozi, asubuhi usitoke na kamera moja kwa moja nje, iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa hivi ipate joto taratibu, la sivyo hewa ya nje inageuka maji juu ya kioo. Hapo sasa lile sponji nene la begi lako linakufaa.

Mke wangu anataka kuninunulia begi la kamera la ngozi kama zawadi. Niko Pangani. Nimkubalie? (Msomaji, Pangani)

Begi la ngozi ni zito kabla hujaweka kitu, na Pangani kwa unyevu ule ukiliacha wiki mbili bila kulitumia linaota ukungu mweupe. Kama ameshalinunua lipokee kwa mikono miwili na ulibebe kila siku, ngozi inayotumika na kufutwa haioti ukungu kirahisi. Kama bado hajanunua, mwambie shemeji yetu turubai, lenye mkanda mpana, na hela itakayobaki iende kwenye lile kontena na silika jeli.